Suti Tatu Zilizokwenda Kuposa

Asubuhi za Kiende zilifanana kama viazi vya shimo moja. Aliamka ukungu wa Kibirichia ukiwa bado umelalia shamba, akawasha moto, akabandika chai, kisha akaenda ghalani kuchambua viazi: vikubwa vya gunia, vya wastani vya mbegu, na vilivyokatwa na jembe vya kupika nyumbani. Kazi hiyo hakuichukia. Aliyoichukia ilikuwa kufagia sebule ya babu yake, Mzee Kirimi, kwa sababu ukutani mle sebuleni palikuwa na picha.

Picha yenyewe ilipigwa mwezi wa Aprili, siku baba mdogo Mutembei alipofanyiwa sherehe ya kumaliza chuo. Mutembei alikuwa ndugu mdogo wa baba yake Kiende, karani katika ofisi moja mjini Meru, na mtu wa nguo kwelikweli. Siku hiyo Kiende, msichana wa miaka kumi na mitatu, alichimba viazi tangu alfajiri, akavimenya gunia zima ili wageni wa Mutembei wale washibe. Mpiga picha alipouita ukoo ujipange mbele ya nyumba, Kiende alikuja mbio vivyo hivyo alivyokuwa, gambuti zake za mpira zimejaa matope na sweta limetoboka kiwikoni. Mutembei akamtazama kutoka juu mpaka chini.

“Wewe gunia la viazi, hebu toka hapo,” akasema. “Picha hii wataiona watu wa mjini.”

Watu walicheka. Hata wale aliowamenyea viazi walicheka. Kiende akasogea kando, kamera ikabofya, na sasa picha ilikuwa ndani ya fremu. Walikuwamo wote, mpaka mbwa wa jirani ambaye hakualikwa na mtu. Kiende hakuwamo. Ukitazama sana upande wa kushoto ungeona ncha ya gambuti moja, basi.

Jamani, kuna tusi ambalo mtu hulala akalisahau, na kuna tusi linaloamka naye kila siku. Hili liliamka na Kiende. Kila alipofagia alisimama mbele ya ile picha, akauelekeza mpini wa ufagio kwenye uso wa baba yake mdogo, akasema kwa sauti ndogo, “Siku yako iko njiani.” Alifikiria kumtilia pilipili kwenye chai. Alifikiria kumfichia kiatu kimoja. Akaona hayo yote ni madogo. Alitaka Mutembei achekwe mbele za watu kama alivyochekwa yeye, tena achekwe kwa sababu ya nguo.

Siku hiyo ikaja mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mutembei alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa chekechea aitwaye Ednah, binti wa Mzee Ndambiri wa Manyatta, karibu na mji wa Embu. Ukoo ulipojiandaa kwenda kuposa, ukazuka ubishi wa nguo. Mutembei alitaka kwenda na suti, yeye na marafiki zake wawili wa ofisini. Ednah hakutaka kusikia habari hiyo.

Alikuwa na sababu. Mambo ya posa pande zile yana akili yake. Ukienda umevaa matambara, umewadharau wenyeji. Ukienda unameremeta, wenyeji wanaambiana kumbe hawa wanazo, na mahari inapanda hata hujaketi. Mutembei alishikilia kwamba mtu wa ofisi hawezi kwenda ukweni na sweta kama mchunga ng’ombe. Walibishana wiki nzima. Mwishowe Mutembei akamwahidi Ednah kwamba Mzee Kirimi ndiye atakayeamua, na lolote atakalosema mzee, yeye atalitii.

Miaka ile simu za mkononi hazikuwa zimefika Kibirichia. Neno lilitumwa kwa mdomo, na mdomo wa Mzee Kirimi ulikuwa Kiende. Ndiye aliyetumwa kwa fundi, kwa shangazi, kwa mwenyekiti wa kanisa, na hakuwahi kudondosha neno hata moja njiani. Kwa hiyo Jumatano, mama yake alipokuwa akipeleka viazi sokoni Meru, babu alimwita Kiende akamsimamisha mbele yake.

“Mwambie baba yako mdogo hivi,” alisema. “Suti, hapana. Shati safi lililopigwa pasi, suruali nzuri, sweta au koti moja la kawaida, viatu ving’are. Tai waiache. Waonekane watu wenye adabu, si watu wenye mali. Kuna mzee huko anaitwa Kivuti, mjomba wa Ednah, ndiye msemaji wao. Huyo huhesabu vifungo vya mgeni mlangoni kabla hajamwitikia hodi. Na tukutane kituoni Manyatta saa tatu, tuingie pamoja.”

Kiende akayarudia yote mara mbili bila kukosea. Babu akaridhika, akamruhusu aende.

Mjini, mama aliketi na magunia yake sokoni, naye Kiende akapanda hadi ofisini kwa Mutembei. Naapa, mpaka hapo alikuwa hajapanga jambo. Lakini Mutembei alipomwona mlangoni na viatu vyake vya plastiki, alishtuka kama aliyeona deni, akamshika bega akamtoa nje haraka, akampeleka nyuma ya jengo mahali pa kutupia karatasi. Hakutaka wenzake wamwone. Moyo wa Kiende ukachemka upya, gunia la viazi likamrudia masikioni na kile kicheko chote.

“Haya, mzee amesemaje?” Mutembei akauliza. “Suti au sweta?”

“Suti,” Kiende akasema.

Neno likatoka lenyewe, na likishatoka la kwanza mengine hufuata kama kondoo. Akasema babu ameagiza wote watatu wavae suti na tai. Akasema wazee wa Manyatta wanawaheshimu sana watu wa ofisi na hawawezi kumpa binti yao mtu aliyevaa kama anakwenda kunyunyizia viazi dawa. Kisha akakumbuka kwamba wakikutana kituoni, babu angeziona zile suti na kuwarudisha. Hapo akili yake ikafanya kazi upesi ajabu. Akaongeza kwamba wasisimame kituoni, waende moja kwa moja kwa Mzee Ndambiri saa nne.

Mutembei alifurahi akapiga makofi. Hakuuliza swali hata moja, maana uongo unaompendeza mtu hauulizwi maswali. Alisema siku zote alijua baba yake ni mtu wa kisasa, akampa Kiende andazi, akarudi ndani akipiga mluzi.

Nisiwadanganye, wasomaji wangu. Kisasi ni kitamu, na Kiende alikila siku tatu mfululizo. Babu alipouliza kama ujumbe umefika, alijibu umefika. Alipouliza Mutembei ameupokea vipi, alijibu ameupokea kwa furaha, na hilo ndilo lilikuwa neno la kweli pekee katika safari nzima. Alipofagia sebule hakuinua tena ufagio. Aliitazama ile picha akatabasamu. Aliwaza Mutembei akitokwa na jasho ndani ya tai, wazee wakimcheka. Mawazo yake yaliishia kwenye kicheko. Hakujisumbua kuwaza kitakachofuata.

Jumamosi walishuka kituoni Manyatta mapema. Mzee Kirimi alivaa shati jeupe na sweta la kijani, kofia yake ya kawaida, viatu vimepigwa rangi. Wazee wawili aliokuja nao walivaa vivyo hivyo. Mama Kiende alivaa sketi ndefu na kitambaa safi kichwani, na Kiende mwenyewe alichaguliwa gauni la pamba, si lile la Krismasi wala lile la kuchotea maji. Walisubiri. Saa tatu ikafika, ikapita, na Mutembei haonekani. Babu akaanza kuitazama barabara kila gari lilipopita. Ilipokaribia saa nne mwenyeji akatuma mtu kuwachukua, na kumkawiza mwenyeji wa posa ni vibaya, kwa hiyo wakaenda bila bwana harusi.

Wanaume wakaketishwa sebuleni. Wanawake wakaenda jikoni, na huko Ednah akampa Kiende kigoda karibu na moto, akampa na chai ya maziwa mengi. Alikuwa na furaha isiyofichika. Alisema Mutembei atakuja tu, pengine amechelewa kupiga pasi lile sweta lake la kijivu. Kiende akainamia kikombe chake.

Muda si muda honi ikalia. Gari jeupe likaingia uani, kuku wakatawanyika. Mutembei alikuwa ameliazima kwa mkubwa wake wa kazi, kisha akapitia Embu likaoshwa. Wakashuka wanaume watatu. Mmoja alivaa suti nyeusi, wa pili ya kahawia inayong’aa. Mutembei alivaa ya kijivu yenye kizibao ndani, tai nyekundu, leso imechungulia mfukoni, na miwani ya jua ingawa jua lenyewe halikuwapo. Watoto wa jirani wakakimbilia kwenye ua wakidhani ni mbunge amekuja kuomba kura.

Ednah alikuwa dirishani. Mwiko ukamlegea mkononi. Akauweka chini, akamgeukia Mama Kiende.

“Aliniahidi atafuata neno la baba yake,” akasema. “Baba yake yule pale, amevaa sweta. Mwanamume anayemdharau baba yake na mimi kwa siku moja, akishanioa atanisikiliza kwa lipi? Hata mahari wakikubaliana, mimi simtaki.”

Mama Kiende alijaribu kumtuliza, akasema pengine kuna jambo wasilolijua. Ednah akafungua aproni yake, akaiweka juu ya kuni, akaketi akigeukia ukuta.

Kiende aliyasikia yote, akakisukuma kikombe chake kando. Lakini bado alikuwa hajakiona alichokingoja miezi minne. Birika la chai lilipokuwa tayari aliomba alipeleke yeye.

Sebuleni mambo yalikuwa kama alivyoyaota. Mutembei alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, ameshaivua miwani, macho yanahama kutoka kwenye sweta la baba yake hadi kwenye tai yake mwenyewe. Jasho lilikuwa limemshika shingoni. Mbele yake alikaa Mzee Kivuti, mzee mdogo mkavu mwenye fimbo, naye alikuwa akitazama viatu, akipanda hadi magotini, akifika kifungo kwa kifungo mpaka kidevuni. Kiende akamimina chai taratibu ili asikose kitu.

Mzee Kivuti akasafisha koo. Alisema wao walikuwa wameandaa orodha ya mahari, orodha ya watu wa kawaida wanaoheshimiana. Lakini wameona gari, wameona suti tatu, na kumbe walikuwa wanawakosea wageni kwa kuwadhania wanyonge. Kwa hiyo wameingia chumbani wakaandika nyingine. Akaisoma. Ng’ombe walikuwa wameongezeka maradufu, mbuzi wameongezeka maradufu, na asali imepanda pamoja nao.

Mzee Kirimi akaikazia macho ile karatasi. Kiende aliijua hesabu iliyokuwa ikipita kichwani mwa babu, maana ng’ombe wa babu walikuwa wanne tu na aliwakamua kwa mikono yake. Kutimiza orodha ile kungemaanisha kuuza shamba la chini, lile la viazi, au kungoja miaka.

Mutembei akainama mbele kutaka kusema kitu. Babu akamkata kwa jicho, kwa sababu katika baraza la posa kijana anayeoa hafungui mdomo. Kisha mzee akavua kofia yake.

“Wazee, kosa ni langu,” akasema. “Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia mwanangu namna ya kuja kwenu. Sikumwambia. Nimezeeka, nimesahau.”

“Anayesahau kumvisha mwanawe,” Kivuti akajibu, “si atasahau na mahari?”

Wazee wa upande ule wakacheka. Walicheka kicheko kirefu, wakipigana mabega, na Mzee Kirimi akaketi pale na kofia mapajani, akitazama chini. Kiende alikuwa hajawahi kumwona babu yake akitazama chini mbele ya mtu. Kicheko alichokitaka kilikuwa kimefika, lakini kilikuwa kimekwenda kwa mtu mwingine, tena kwa yule aliyempenda kuliko wote. Nao uongo wa babu, ule wa kusema amesahau, ulimuuma kuliko tusi la gunia la viazi. Mzee aliyekumbuka kila kitu alikuwa amejifanya msahaulifu ili amfunike mwanawe, na mwenye kosa hakuwa mwanawe, bali Kiende.

Akaliweka birika chini. Mtoto kuzungumza katikati ya wazee wa posa ni jambo ambalo halifanyiki, na Kiende alilijua hilo.

“Babu hakusahau,” akasema. “Alinituma mimi. Mimi ndiye niliyeugeuza ujumbe.”

Mutembei akasimama nusu, akaketi tena. Mzee Kirimi akainua kichwa polepole, akamtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtoto huyu ni wa nani. Mzee Kivuti ndiye aliyepata sauti kwanza. Akamnyooshea fimbo, akasema kwamba ameingilia baraza na faini yake ni moja: autoe ule ujumbe sasa, mbele ya wote, kama alivyopewa, asiongeze wala asipunguze.

Hapo Kiende alitamani ardhi ipasuke, kwa sababu ujumbe ule aliujua ulivyo. Lakini alikuwa ameshaugeuza mara moja. Akafumba macho, akasema.

“Babu alisema: Suti, hapana. Shati safi lililopigwa pasi, suruali nzuri, sweta au koti moja la kawaida, viatu ving’are. Tai waiache. Waonekane watu wenye adabu, si watu wenye mali. Kuna mzee huko anaitwa Kivuti, mjomba wa Ednah, ndiye msemaji wao. Huyo huhesabu vifungo vya mgeni mlangoni kabla hajamwitikia hodi. Na tukutane kituoni Manyatta saa tatu, tuingie pamoja.”

Mzee Kirimi akafunika uso kwa kofia. Mzee Kivuti akaitazama fimbo yake, akaitazama karatasi aliyoishika, akaitazama tai ya Mutembei. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, peke yake kwanza, akifuta machozi kwa ncha ya shuka lake la mabegani, kisha Mzee Ndambiri akashindwa kujizuia naye akacheka, na mwisho sebule nzima.

“Sifa za mtu hutembea kuliko miguu yake,” Mzee Kivuti akasema alipoweza. “Nimevihesabu kweli. Vilikuwa kumi na saba.”

Lakini Mutembei hakucheka. Aliomba ruhusa ya wazee aulize jambo moja, akapewa. Akamuuliza Kiende alimkosea nini hata amtendee hivyo. Kiende akamwambia habari ya picha. Alimwambia habari ya gunia zima la viazi lililomenywa, na ya kicheko, na ya kupelekwa nyuma ya jengo mahali pa kutupia karatasi. Aliyasema yote huku akilia kwa hasira, maana hasira ilikuwa bado ipo, haikuondoka kwa sababu tu amekiri. Mutembei alikuwa amelisahau jambo lile kabisa. Mpigaji husahau, jamani, mpigwaji ndiye hukumbuka. Alikaa akitazama viatu vyake vinavyong’aa.

“Nilikutoa kwenye picha kwa sababu ya matope,” akasema mwishowe, “na matope yenyewe yalikuwa ya sherehe yangu. Nisamehe, mwanangu.”

Kisha akasimama, akavua koti, akavua kizibao, akafungua tai. Marafiki zake wakamfuata. Makoti matatu yakatundikwa kwenye ua uliozunguka miche ya kahawa, na wanaume wakarudi kuketi na mashati yao, wakionekana watu wa kawaida ambao mama zao waliwalea vizuri. Mzee Kivuti akaikunja ile karatasi ya pili, akaenda akaitia motoni mwenyewe, akarudi akamwambia Mzee Ndambiri alete ya kwanza. Mazungumzo yakaanza upya, na kabla ya saa nane yalikuwa yamekwisha kwa amani.

Jikoni Ednah alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Aliifunga tena aproni yake. Kiende aliporudi, Ednah hakumkumbatia wala hakumkaripia. Alimwambia kwamba alikuwa amekaribia kumwacha mtu asiye na hatia ya kosa lile, na kwamba hilo asingelijua maisha yake yote. Kisha akampa sufuria zote za shughuli ile aoshe, naye Kiende akaziosha hadi ya mwisho bila kusaidiwa na mtu.

Jioni walipofika Kibirichia, Mzee Kirimi hakuingia ndani. Alimwita Kiende wakaketi kwenye magunia nje ya ghala. Kiende alingoja kuchapwa, lakini babu hakuwa na kiboko. Alikuwa amechoka tu.

“Nguo ina shughuli yake,” babu akasema. “Kuna ya shamba, kuna ya kanisa, kuna ya harusi, na kuna ile ya katikati ya kumtembelea mtu kwa heshima. Ukiikosea utachekwa, na kesho utavaa nyingine. Neno ulilolisema utalivua wapi? Wahenga walisema mjumbe hauawi, kwa sababu neno alilobeba si lake. Wewe ulilifanya lako. Ukamlenga Mutembei, ukanipiga mimi, ukampiga Ednah ambaye hajakukosea hata siku moja. Kisasi hakijui kulenga, mjukuu wangu. Ukidhulumiwa, sema. Ungeniambia habari ya picha, ningemwita Mutembei siku hiyo hiyo akuombe radhi. Lakini ulichagua kunyamaza, ukaweka akiba ya hasira, na tazama ilivyotugharimu.”

Kiende akamwomba msamaha. Babu akasema amemsamehe. Kiende akauliza kama kesho bado ataenda kwa fundi kumwambia kuhusu bati la ghala, kama ilivyopangwa. Babu akajipangusa vumbi, akainuka.

“Misheck ataenda,” akasema.

Misheck alikuwa ndugu yake Kiende wa miaka minane, mtoto wa kusahau. Alikwenda kwa fundi wa mabati akamwambia habari za mlango. Alitumwa kwa shangazi akarudi na nusu ya jibu. Kila mara babu alimtuma tena, na kila mara Kiende alisimama mlangoni mwa ghala na kiazi mkononi, akimwona mdogo wake akishuka bondeni na neno la babu. Kuliko kiboko chochote, hilo lilimchoma. Shule zikafunguliwa, mvua ikanyesha, viazi vipya vikapandwa, na Misheck akaendelea kutumwa.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, jioni, ndipo Mzee Kirimi aliposimama uani akatazama huku na huku. Misheck alikuwa pale pale miguuni pake akicheza na gurudumu. Babu akamruka kwa macho, akaita jina la Kiende. Ulikuwa ujumbe mdogo tu, wa kwenda kwa jirani ng’ambo ya mto kuhusu mbegu za viazi, maneno kama kumi hivi. Kiende aliyarudia mara mbili, akateremka mbio, akayasema yote kumi, akapokea jibu, akapanda mlima akilirudia jibu hilo kila hatua asije akalidondosha.

“Amesemaje?” babu akauliza.

Kiende akamwambia, na babu akamwamini.